Moto wa Mwalimu Mustafa

"Inatangazwa kwa wanafunzi wote, kwa walimu, kwa wazazi wenye viatu, kwa viongozi wa dini na wa serikali, na kwa raia wema wa mji wa Gitega, kwamba Jumamosi ijayo, saa nane kamili mchana, katika uwanja wa nyuma wa shule yetu tukufu, litafanyika tukio ambalo historia ya elimu katika nchi hii haijawahi kulishuhudia: Uchomaji Rasmi wa Kazi za Sanaa. Atakuwepo Mgeni wa Heshima kutoka Bujumbura. Suti ni lazima."

Direkta wa shule alilisoma tangazo hilo mbele ya bendera, akiwa amepanda juu ya sanduku la sabuni ili waliosimama nyuma wamwone. Alipofika kwenye neno "lazima", ubao wa sanduku ulilia kraa, naye akazama hadi magotini. Haijathibitishwa mpaka leo ni nani aliyeng'oa misumari. Inajulikana tu kwamba Houssein wa darasa la kumi, mtoto wa muuza vipuri vya baiskeli wa mtaa wa Yoba, hakucheka, na mtu asiyecheka siku kama ile ana sababu zake.

Uwanja wa nyuma wa shule tukufu ulikuwa shimo lililo nyuma ya vyoo. Na shule nzima ilikuwa na suti moja tu, nyeupe, ya Direkta mwenyewe, ambayo aliivaa kwenye harusi, kwenye mazishi na siku za ukaguzi. Hata hivyo tukio lilikuwa la kweli, na kwa mtu mmoja lilikuwa kubwa kuliko hata maneno ya Direkta. Mtu huyo ni Mwalimu Mustafa.

Mwalimu Mustafa alikuwa Mtwa kutoka Muyinga, wa lile kabila dogo la wafinyanzi. Mama yake alifinyanga vyungu, bibi yake alifinyanga vyungu, na yeye mwenyewe angefinyanga vyungu hadi kufa kama sista mmoja wa misheni asingemkuta, akiwa mtoto, anachora mbuzi ukutani kwa mkaa. Sista alitaka kumchapa kwa kuchafua ukuta. Alipotazama tena yule mbuzi, akampeleka shule. Baadaye alisomea sanaa Bujumbura, akarudi Gitega kufundisha kuchora na kufinyanga, na kwa miaka minane alikuwa mwalimu wa muda. Kila mwaka Direkta alimwambia mwakani.

Mtu asidhani kwamba alikuwa mnyenyekevu. Alitembea ukumbini kama aliyekuja kuukagua. Koti lake lilikuwa gumu kwa udongo uliokauka, na ukimwita mfinyanzi alikugeukia polepole.

"Mama yangu ndiye mfinyanzi," alikuwa anasema. "Mi ni msanii. Tofauti yetu ni moja: mama anakula kila siku."

Alikuwa na sheria moja tu darasani. Kila kazi iandikwe jina chini yake, kwa ncha ya kijiti, kabla udongo haujakauka. Kazi isiyo na jina aliipunguzia alama moja, hata ingekuwa nzuri namna gani. Muyinga nzima, alisema, ilipikia maharage kwenye vyungu vya mama yake, na hakuna hata mmoja aliyejua ni vya nani.

"Andika jina, mtoto. Ukiona aibu kuliandika, usiifanye hiyo kazi."

Katika chumba cha walimu kulikuwa na vikombe vya udongo vimepangwa kwenye rafu, vyekundu, vyepesi, vizuri kuliko vya dukani. Vyote alivifinyanga Mwalimu Mustafa. Kikombe chake yeye kilitundikwa peke yake kwenye msumari karibu na mlango. Hakuna aliyetoa amri. Ni hivyo tu: chungu cha Mtwa utapikia, mtungi wa Mtwa utatekea maji, lakini palipogusa mdomo wa Mtwa hupaweki mdomo wako. Watu wazima wenye diploma walilijua hilo kama wanavyojua kuvaa viatu.

Houssein, ambaye alikuwa na akili nyingi na pa kuzitumia pakiwa haba, aliingia asubuhi moja akakitoa kile kikombe kwenye msumari, akakichanganya na vingine, akatoka. Matokeo yake yalikuwa ya kihistoria. Mwalimu wa hesabu, alipouona msumari mtupu, alitema chai dirishani. Mwalimu wa dini alisukutua mdomo kwa chumvi. Vikombe vyote vilivunjwa nyuma ya jiko, na Mwalimu Mustafa akaombwa, kwa heshima zote, afinyange vingine. Alivifinyanga. Kwenye kitako cha kila kimoja aliandika jina lake kwa herufi kubwa zaidi, na chake kipya kikarudi kwenye msumari. Bweni la wavulana lilicheka wiki nzima, na Houssein akawa mtu mkubwa.

La ajabu ni kwamba Houssein alimpenda. Alikuwa mwanafunzi wake bora, na alijua hivyo. Siku alipojikata kidole gumba kwa waya wa kukatia udongo, ukamla nyama kutoka ncha hadi kwenye kiungo, ni Mwalimu aliyerarua bitana ya koti lake akamfunga. Kidonda kilipopona kiliacha kovu lililopinda kama ndoana.

"Vizuri," Mwalimu alisema akilitazama. "Mpaka ufe hutafanana na mtu."

Sasa tuje kwenye moto wenyewe. Kwa miezi mingi Mwalimu Mustafa alikuwa amejifungia kwenye atelye yake ya kufinyangia, ambayo zamani ilikuwa stoo ya majembe, akifinyanga kitu kimoja. Ulikuwa mtungi wa pombe, mkubwa hadi kifuani mwa mtu. Kuuzunguka walikaa watu wa udongo, wanaume kwa wanawake, kila mmoja ameshika mrija wake na kuuingiza mtungini, jinsi watu wanavyokunywa kwenye sherehe. Mashavu yao yalikuwa yameingia ndani kwa kuvuta. Mmoja alikuwa amefumba macho. Mwingine alikuwa anamkonyeza jirani. Na palikuwa na mrija mmoja wa ziada, umesimama peke yake, bila mtu.

"Huu ni wa nani, Mwalimu?" Houssein aliuliza.

"Wangu. Bado sijakaribishwa."

Udongo wake aliuleta kutoka kwenye bonde la mama yake huko Muyinga, magunia mawili, juu ya lori la msafara, kwenye barabara ambayo mwaka ule wa tano wa vita watu waliipita wakiwa wameshaagana na jamaa zao. Udongo wa Gitega, alisema, ni mzuri kwa vikombe vya walimu. Mama mmoja wa shirika la utamaduni la Bujumbura alikuwa amesikia habari za mtungi huo. Angekuja kuuona ukitoka motoni. Ukitoka mzima, angeupeleka kwenye maonyesho, na Direkta, mbele ya wageni, alikuwa ameahidi kwamba siku hiyohiyo Mwalimu Mustafa atakuwa mwalimu kamili, wa kudumu. Ukipasuka, shirika halichukui vigae, na atelye inarudi kuwa stoo ya majembe. Hayo Mwalimu aliyaeleza darasani waziwazi, akipangusa mikono.

"Kwa hiyo Jumamosi," alisema, "msikohoe."

Houssein alisikia. Lakini alichokiona kichwani mwake hakikuwa mtungi. Aliiona suti nyeupe.

"Hebu fikiria, sha," alimwambia Bashizi, rafiki yake wa kitanda cha juu, Mkongo wa Uvira ambaye wazazi wake walikimbilia Gitega wakawa wanauza mafuta ya mawese. "Wageni wamekaa. Direkta iko anasoma hotuba. Halafu pa! Pa! Pa! Wote chini, tumbo kwenye matope ya vyoo."

"Pa ya nini?"

"We ndiye uliniambia. Mianzi."

Bashizi alikuwa amemwambia kweli. Kwao Uvira, sikukuu zikifika, watoto hutupa pingili za mianzi motoni, na hewa ya ndani ikipata joto hulipuka kama bunduki.

"Kule kulikuwa amani," Bashizi alisema. "Hapa kuna askari juu ya kilima, na wiki hii usiku wote tumesikia milio upande wa Makebuko. Wacha, mwana. Mi siko ndani."

"Nani amekuita ndani? Mtungi hautaguswa. Mi naweka pembeni."

Huo ndio uliokuwa uchunguzi wote wa kitaalamu uliofanywa na Houssein. Siku Mwalimu alipofundisha mambo ya moto, kwamba unapashwa polepole, kwamba chungu kinasikilizwa kwa sikio, yeye alikuwa anamchora mwalimu wa dini akisukutua.

Ijumaa, wengine wakiwa mpirani, alikata pingili sita. Kila moja aliitoboa upande mmoja, akatia maji kidogo ili ichelewe kulipuka, kisha akaiziba kwa udongo aliouiba kwenye gunia la Muyinga. Na hapa lazima haki itendeke: aliziba vizuri mno. Aliukanda udongo mpaka hewa yote ikatoka. Alikata vizibo, akavisukuma ndani, akavilainisha kwa maji, na kila kimoja akakikandamiza kwa kidole gumba. Hakuwahi kufinyanga kitu kwa uangalifu kama ule. Halafu akazichomeka pingili zote chini ya kuni na nyasi zilizokwisha kupangwa shimoni, pembeni, kama alivyoahidi.

Jumamosi suti nyeupe ilifika mapema. Mgeni wa Heshima alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye miwani. Alimshika Mwalimu Mustafa mkono kwa mikono yake yote miwili, na walimu wakatazama pembeni. Viti vilipangwa. Mtungi ulikuwa umekwisha kushushwa shimoni na kufunikwa nyasi, kuni za mkaratusi na samadi kavu. Mwalimu aliwasha upande mmoja, akangoja, akawasha mwingine, akalizunguka shimo huku ameinamisha kichwa, anasikiliza. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, kama wa mtu anayeswali.

Direkta alisimama. "Mheshimiwa mgeni wetu, ndugu walimu, sanaa ni nini?"

Pa!

Wageni wote walijibu swali hilo kwa kulala chini. Pa! Pa! Mwalimu wa dini aliruka ukuta. Suti nyeupe iliteleza kwa tumbo hadi mlangoni pa vyoo, karatasi za hotuba zikiifuata. Ilikuwa kamilifu. Houssein, akiwa amelala kifudifudi kama wenzake ili asitambulike, alicheka ndani ya majani mpaka machozi yakamtoka.

Mtu mmoja tu alibaki amesimama. Mwalimu Mustafa alikuwa ameinama juu ya moto, mikono mbele, kana kwamba angeweza kuushika usiruke. Pa ya mwisho ilitawanya makaa, nyasi zikafunguka, na kwa muda mfupi Houssein aliuona mtungi. Ulikuwa mwekundu mzima, kama kitu kilicho hai. Watu wake wote walikuwa wanakunywa. Hakuna hata mrija uliokatika.

Alifurahi. Ni vizuri hilo lijulikane. Alisema moyoni, umeona, hautaguswa.

Halafu askari wakaingia kwa mlango wa nyuma, mbio, na mmoja alikuwa amekwisha piga risasi hewani.

"Nani amefyatua?" aliuliza sajenti.

Direkta hakungoja hata kuinuka. Kutoka mlangoni pa choo alinyoosha mkono. "Yule! Moto ni wake! Shule haihusiki!"

Sajenti alimwendea Mwalimu Mustafa, akamtazama kuanzia koti hadi miguuni, na kila mtu pale aliona kwamba ametambua ni Mtwa.

"Umeficha nini humo?"

"Mtungi, afande."

"Mtungi unapiga risasi?"

"Mi pia nataka kujua, afande."

"Udongo umetoa wapi?"

"Muyinga."

"Kwa barabara gani?"

"Iko moja tu."

"Ile barabara watu wanakufa. Wafanyabiashara wanakufa, masista wanakufa. We Mtwa unapita na mzigo wa udongo, hufi. Kwa nini?"

Mwalimu Mustafa alifikiri kidogo. "Samahani," alisema.

Alipigwa kofi. Mgeni wa Heshima alijaribu kusema kwa Kifaransa kwamba ni msanii, akaambiwa kwa Kifaransa vilevile arudi garini. Sajenti aliwageukia wanafunzi waliolala chini mistari mistari.

"Kuna mtu hapa anajua kitu?"

Bashizi alimfinya Houssein ubavuni, kwa nguvu, akaipinda ngozi. Yeye mwenyewe hakuweza kusema: Mkongo, mkimbizi, aliyeleta ujuzi wa kulipua vitu kutoka Uvira, asingefika akiwa hai hata kwenye lango. Houssein alikuwa mtoto wa Yoba. Baba yake ndiye aliyetengeneza baiskeli za askari wa kituo kile cha kilimani. Angesema, angechapwa mbele ya watu, na baba angekuja na maneno matamu. Aliyajua hayo yote. Alitazama kamba ya kiatu chake, akaona kwamba imefunguka, akaifunga.

Walivunja mtungi kwa vitako vya bunduki, kutafuta risasi. Haukuvunjika kwa urahisi. Ulilia kama kengele mara mbili, na mara ya tatu ukafunguka, na watu wa udongo wakaanguka kwenye majivu wangali na mirija mdomoni. Waliparuza makaa yote kwa majembe, wakachukua walichokiona hakieleweki, wakamchukua na Mwalimu.

"Kesho nitasema," Houssein alimwambia Bashizi jioni ile.

"Kesho ni Jumapili."

"Basi Jumatatu."

Jumatatu bweni zima lilimtaka aigize jinsi Direkta alivyoteleza. Aliigiza. Aliigiza vizuri sana, pamoja na karatasi, pamoja na sauti ya "sanaa ni nini", hadi watoto wa darasa la saba wakaja kutazama kutoka bweni lao. Bashizi aligeukia ukuta. Kuanzia siku hiyo aliomba kuhamishwa kitanda.

Baada ya siku kadhaa Mwalimu Mustafa alitokea langoni. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa, yote miwili, mikubwa kama mafungu ya ndizi. Kituoni hawakuwa wamepata risasi yoyote, wakamwachia. Lakini kabla ya hapo walimwekea vidole juu ya jiwe, kimoja kimoja, na kuuliza. Mlinzi hakumfungulia. Direkta alikuja hadi kwenye vyuma vya lango, akiwa kwenye suti iliyofuliwa isitakate.

"Mwalimu, pole sana. Kwa sababu za usalama, somo la sanaa limefutwa."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa wa muda."

Aliomba basi apewe koti lake. Walimpelekea koti na kile kikombe cha kwenye msumari, ambacho hakuna mtu mwingine angekihitaji. Houssein aliyaona yote kutoka dirisha la darasa la fizikia. Mwalimu alishindwa kulivaa koti. Mlinzi akamtupia begani, na akaondoka namna hiyo, kikombe kimeninginia kwenye mkono wa vitambaa.

Likizo ya Agosti, baba alimpeleka Houssein Muyinga kwa shangazi yake Kadidja, kwa kuwa Gitega milio ya bunduki ilikuwa imekaribia mtaa wa Musinzira. Alisafiri kwa msafara kwenye barabara ileile ya magunia, amelala chini ya turubai, na hakufa. Kwa nini, hakuna aliyemuuliza.

Shangazi Kadidja aliuza vitenge sokoni, na nyumba yake katika mtaa wa Waislamu haikujua kufunga mlango. Kila Ijumaa baada ya swala aliweka masinia uani, na aliyepita alikula. Ijumaa ya kwanza kulikuwa na bugali wa muhogo, ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na mboga ya lengalenga. Houssein aliketi mkekani, akavuta harufu ya chakula baada ya miezi ya maharage ya bweni, na akainua macho. Mbele yake, upande wa pili wa sinia, alikuwa amekaa Mwalimu Mustafa.

Vitambaa vilikuwa vimetolewa. Vidole vilikuwa vimepona vilivyotaka, kila kimoja upande wake, kama kuni zilizomwagwa. Mtu angeviangalia akadhani vimefinyangwa na mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Houssein," Mwalimu alisema. "Umerefuka."

"Ndiyo, Mwalimu. Shikamoo, Mwalimu."

"Kumbe mnajuana!" Shangazi alifurahi. "Huyu Mustafa wetu, mwanangu, ndiye aliniambia alifundisha Gitega. Alisilimu hapahapa angali kijana, kwenye msikiti huu. We Mustafa, hebu mwambie uliniambia kwa nini."

"Kwa sababu ya sinia," Mwalimu alisema. "Mahali pengine walinipa dini, lakini sahani wakaniwekea mbali. Hapa Waziri alisogea, akaniambia kaa."

Mzee Waziri, fundi cherehani mwenye ndevu nyeupe aliyekaa karibu naye, alicheka. "Nilikuwa nataka kusogea mwenyewe, jua lilikuwa linaniunguza."

Wote walicheka. Houssein alicheka pia, tena zaidi ya wengine, kwa sababu alikuwa anafahamu kwamba usalama wake uko katika kicheko. Alieleza habari za shule. Alieleza jinsi Direkta alivyoanguka kwenye sanduku la sabuni. Aliona Mwalimu anatabasamu, akapumua. Hajui, alijiambia. Angejua, angekuwa amesema.

"Waziri humlisha kila Ijumaa," Shangazi alisema akimwaga maji ya kunawa. "Leo mpumzishe mzee. Mlishe mwalimu wako, mwanangu, upate baraka zake."

Hakukuwa na njia. Houssein alinawa, akasogea hadi ubavuni mwa Mwalimu, akamega bugali. Ulikuwa moto, laini, unanata kidogo. Aliufinya kiganjani kama watu wanavyofinya, mara mbili tatu, mpaka ukawa tonge la mviringo, halafu akakandamiza kidole gumba katikati ili lipatikane shimo la kuchotea mchuzi. Alichota mchuzi, akalipeleka tonge mdomoni mwa Mwalimu.

Mwalimu Mustafa hakufungua mdomo. Alikuwa analitazama tonge.

"Mwaga mchuzi," alisema.

"Mwalimu?"

"Mwaga mchuzi. Weka tonge hapo, kwenye ukingo wa sinia. Hivyo. Sasa tia mkono mfukoni mwa shati langu. Mi siwezi."

Houssein alitia mkono. Ndani kulikuwa na kitu kimoja tu, kidogo, kigumu, chepesi. Alikitoa. Kilikuwa kipande cha udongo uliochomwa, mweusi kwa moshi, mviringo, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Juu yake kulikuwa na alama ya kidole gumba. Katikati ya alama lilipita kovu lililopinda kama ndoana.

"Kiweke hapo pembeni ya tonge," Mwalimu alisema.

Mkono wa Houssein ulikiweka wenyewe. Mzee Waziri aliinama kutazama. Alitazama kipande cheusi, akatazama bugali mweupe, akatazama tena. Aliacha kutafuna. Shangazi Kadidja alibaki na birika mkononi, maji yanamwagika mkekani.

"Kwenye kile kituo waliniwekea hiki mezani," Mwalimu alisema kwa sauti ileile ya darasani. "Walikikuta kwenye makaa. Wakauliza ni cha nani. Nikakitazama, nikasema ni changu. Wakasema nadanganya." Aliinua mikono kidogo, akaishusha. "Tukaenda hivyo mpaka vidole vikaisha, halafu wakanitupa nje, mimi na kipande changu. Nilikuwa nimewaza, nikimtaja mwenyewe, watamleta, na mimi pia hawataniachia. Tutakuwa wawili. Siku ile ilionekana hesabu nzuri."

"Mwalimu..."

"Ngoja, nasahihisha. Huu udongo umekandwa vizuri. Ungekuwa na hewa hata kidogo, ungepasuka kwanza wenyewe. Kingo zimelainishwa kwa maji, si kwa mate kama mnavyopenda. Unene ni mmoja, pande zote. Miaka minane nimefundisha pale, sijapata kazi ya mwanafunzi safi namna hii. Nimekipa kumi na tisa kwa ishirini."

Kuku mmoja alifika akadonoa ndagala kwenye sinia, na hakuna aliyemfukuza.

"Huniulizi moja imekwenda wapi?"

Houssein alijaribu kutafuta mzaha. Alikuwa nao mwingi, siku zote ulikuwa karibu, na sasa aliutafuta kila mahali kichwani mwake kama mtu aliyepoteza ufunguo na wenye nyumba wanamtazama. Kidole gumba chake kilikuwa kimenata bugali. Alikificha kwenye kiganja, kisha akaona kwamba hakuna tena wa kumficha.

"Hakina jina," alisema.

"Hakina jina," Mwalimu alikubali. "Basi sema, niijaze."

"Ni changu. Houssein." Sauti ilimtoka nyembamba, ya mtoto wa darasa la saba. "Ni mimi niliyetia mianzi, Mwalimu. Siku ile waliuliza, na mimi nilikuwa najua, nikafunga kiatu."